Mutu wa ku Mulango Asiingie mu Depo

Ninyi batoto munajifunza kutengeneza programu mu sale ya masomo karibu na pompe ya maji, ninawasikia wakati napita. Juzi mumoja wenu alikuwa anasema na sauti ya kujivuna: "Programu yangu inatumika muzuri, batu njo hawana uvumilivu." Nilisimama pale na ndoo ku kichwa. Maji ilikuwa inanimwangikia mu shingo, kwa hiyo nilienda zangu. Lakini nilifika ku nyumba, nikatafuta kaye ya kuandikia na biki, na sasa najibu.

Miye sijue kuandika programu. Nilisoma mpaka ya tatu primere kule Pweto, ku mwisho wa ziwa, halafu masomo ikaisha. Lakini kazi yangu, toka nilikuwa binti mpaka macho ilianza kunikatala hapa Mantapala, mu camp ya bakimbizi, ilikuwa moja tu: kusimama ku mulango na kuita majina, wakati kazi ndefu inaendelea ndani. Na ile sehemu ya programu yenye batu banaona ku kioo, mabuto ya kufinya na maandishi, ile njo mutu wa ku mulango. Kwa hiyo muko banafunzi bangu, mupende musipende.

Batu banazani kuita majina inaomba sauti tu. Sauti hata mbuzi iko nayo. Inaomba ukumbuke. Miye, ukiniambia jina yako mara moja, na ya mama yako, na mahali mulilala wakati mulikimbia, haitoke tena mu kichwa yangu. Siyo akili, iko sawa alama ya kuungua: inabakia tu. Lakini kukumbuka ni nusu ya kazi. Nusu ingine nilifundishwa na Baba Serafini, na alinifundishaka kwa kunigombeza.

Baba Serafini alikuwa mukubwa wa depo kule Pweto, mahali balimaji balikuwa banapewa mbegu na majembe mbele ya mvua. Mubebaji wake alikuwa kijana moja mwenye mabega ya ngombe, jina Kabwe. Miye ku mulango, Kabwe ndani, Baba Serafini na kitabu yake. Siku yangu ya tatu, Kabwe alikawia kule nyuma ya magunia. Mama Ngoie, mwenye alikuwa wa kwanza mu mustari, alinitazama na macho kali. Miye nikasikia haya. Nikaacha mulango, nikaingia miye mwenyewe kumutafutia jembe yake. Nilizani ninasaidia.

Niko nimeinama kati ya magunia, nasikia sauti ya Baba Serafini nyuma yangu.

"Nani iko ku mulango?"

"Miye, Baba."

"Weye? Na hii miguu naona hapa ni ya nani?"

"Yangu, Baba."

"Bon. Basi ku mulango hakuna mutu."

Alikuwa hajamaliza kusema, tukasikia *paa!* Tulitoka mbio, tukakuta mulango iko chini, na Mama Ngoie amesimama juu yake sawa mutu amesimama mu pirogi ya kuvukia ziwa. Baba Serafini hakumugombeza hata kidogo. Alinigombeza miye. "Uliwaacha bila sauti. Hawakujua kama uko unatafuta jembe, ao umelala, ao umekufa. Mutu mwenye hajue, anasukuma. Mutu wa ku mulango asiingie mu depo, hata dakika moja. Kazi ndefu umupe Kabwe. Kazi yako weye ni kusikia na kujibu."

Njo nilianza kutumika muzuri. Namutuma Kabwe ndani, nabakia ku mulango na uso yangu mbele ya batu. Tulifika jina gani, ninasema. Mutu akiuliza, ninajibu. Akichoka akitaka kwenda zake, ninamufutia jina bila kuvuruga mustari.

Lakini Kabwe naye alikuwa na makosa yake. Kwanza alipenda kutoka inje na kujibu batu yeye mwenyewe. Siku moja miye nasema ku mulango, "Majembe ingali," yeye anatokea ku dirisha, jasho inamutoka, anasema, "Majembe imeisha!" Alikuwa anasema juu ya fungu moja tu. Ile siku tulijificha batatu chini ya meza. Toka pale, sheria: Kabwe asiseme na batu. Akiwa na neno, aniambie miye, na miye njo niseme. Midomo mbili ku mulango moja inaleta vita.

Kisha akaenda upande wa pili. Kila jina moja, anakuja mbio kuniambia. "Banza, tayari!" Anarudi. "Bwalya, tayari!" Mwili yake na ile mabega inajaza mulango, miye sioni batu, batu hawanioni, na kazi ndani imesimama juu Kabwe iko mu njia saa yote. Baba Serafini alimuambia: "Kisha majina kumi, uje mara moja." Ile tu. Na mulango ikafunguka tena.

Sasa nawaleta hapa Mantapala, juu mambo yote ile ilirudi mara ya pili, na ile mara kulikuwa mutu mwenye angekosa chakula ya mwaka muzima.

Kundi yetu ya balimaji ilinipa kazi ya mulango, na mu biro mulikuwa Placide, kijana wa Kalemie, muzuri, lakini mukono yake haijue kutulia. Tulipewa ordinatere, masini ya kutumikisha programu. Programu ilikuwa ya Esther Mwansa, binti wa Nchelenge, mama yake anauzisha chisense ku soko, ile samaki ndogo ya kukausha. Programu ilikuwa na buto moja kubwa: *Linganisha*. Ukiifinya, masini inachukua kila jamaa na kuitazama mbele ya jamaa zingine zote, mutu asipewe mbegu mara mbili. Kazi ya karibu saa moja nzima. Na kwetu kazi ile inakuwa nzito zaidi, juu ya mapasa, batoto babili ba kuzaliwa pamoja. Munajua desturi yetu: ukizaa mapasa, majina inangojea tayari, wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange, hakuna mazungumuzo. Basi mu camp yetu ba Kyungu na ba Kabange banajaa sawa kuku, na masini ikikuta Kyungu na Kabange hapa, Kyungu na Kabange kule, inazani ni jamaa moja yenye kujiandikisha mara mbili. Inasimama, inauliza: *Jamaa hii mbili ni moja? Futa moja?*

Ubaya ulikuwa hii: wakati masini inatumika, kioo ilikuwa inakuwa nyeupe. Yote. Hakuna neno, hakuna buto yenye kujibu. Ile programu iliacha mulango ikaingia yenyewe mu depo kutafuta jembe.

Ile siku Placide alifinya *Linganisha*, kioo ikawa nyeupe. Akangoja kidogo.  Akafinya tena na hasira, mara saba, nilihesabu juu kila mara suri, ile ya kufinyia na mukono, ilikuwa inalia *ka! ka!* Masini haikujibu, lakini ilikuwa inaziweka zote, ile kufinya yake yote. Wakati ilirudisha uso, ilikuja na ile swali ya kufuta, na *Ndiyo* ilikuwa mahali palepale *Linganisha* ilikuwako. Kufinya saba ikaanguka juu ya *Ndiyo*, moja nyuma ya ingine, kila moja ku swali yake. Placide hakusoma hata moja. Alisema tu, "Ah, imeamuka!" na akachapisha liste ya majina.

Miye sisome mbio, lakini naijua liste kwa kichwa. Aliniletea karatasi, nikaanza kuita polepole kwa kujizoeza. Niliruka mara moja. Nikarudi. Niliruka tena.

"Placide. Feza iko wapi?"

"Feza gani, Kambo?" Kambo, ni kusema nyanya, njo banavyoniita hapa.

"Feza wa block saba. Mama Mapasa."

Alitafuta na kidole. "Feza wa block tatu njo huyu hapa. Naye iko Mama Mapasa."

"Siulize ule. Naulizia wa saba. Na Kalumba iko wapi? Na Monga, mwenye mukono moja?"

Jamaa saba ilikuwa imepotea. Niliita majina yao yote pale pale, na ya batoto bao, na Placide alikaa chini sawa mutu amepigwa.

Na Feza wa block saba alikuwa inje, amesimama karibu na dirisha, mapasa mumoja ku mugongo na mumoja ku kifua. Alisikia yote. Hakulia, ule haiko mutu wa kulia. Alisema: "Kambo, nimeisha kulima. Shamba iko tayari toka juma ingine, nililima na hii batoto ku mwili. Nitaingiza nini mu udongo? Mawe?"

Alikuwa na haki. Mvua ya kwanza ilikuwa imeisha kunyesha. Liste ilipaswa kufika ku boma ya Nchelenge, mahali pa serikali, kisha siku mbili, na kamiyo, ile gari kubwa, inapakia mbegu sawasawa na liste. Biro ya boma haikubali jina ya kuongeza na biki. Inataka liste yenye programu imemaliza kulinganisha. Na kamiyo ya pili haikuwako. Kwa hiyo tuliandika jamaa saba tena mu masini, lakini ilibakia kufinya *Linganisha* mara ingine, na Placide aliogopa kugusa.

"Nitavunja tena, Kambo. Naijua mukono yangu."

"Basi tuite mwenye aliitengeneza."

Esther alikuwa Chienge. Alifika kesho yake asubui na pikipiki, vumbi mpaka mu kope. Alitazama, akacheka kidogo, akaniita mama kwa luga ya kwao.

"Awe, hapana, bamayo, programu haina shida. Kioo ikiwa nyeupe, iko inatumika. Placide njo iko na haraka."

"Atajua namna gani kama iko inatumika?"

"Angoje tu, mukwai," akasema na heshima.

 Nilimuomba anipe saki yake ya ku bega, nikamuambia: "Ngoja hapa inje, nakuletea chai na nakuwekea hii mahali pa muzuri." Nikaingia, nikafunga mulango, nikakaa ku kiti. Placide alifungua kinywa, nikamuonyesha kidole: nyamaza. Saki ilikuwa na ordinatere yake, na simu yake, na pesa yake ya pikipiki.

Kwanza Esther alingoja. Kisha akagonga, na adabu. Kisha: "Bamayo?" Kisha akagonga sawa batu bale ba Pweto. Nilifungua.

"Umegonga mara ngapi?"

"Bamayo, nilizani…"

"Mara tisa. Placide alifinya saba tu. Na chai iko mu moto, ilikuwa inachemuka saa yote, haikuwa na shida."

Placide alicheka mpaka aliegemea ukuta. Esther naye akacheka, akafunika uso na mikono. Kisha akakaa chini ku kirago, akasema neno yenye ilinifanya nimupende: "Kule Pweto mulikuwa munafanya namna gani? Niambie yote."

Nilimuambia yote, ya Mama Ngoie juu ya mulango na ya Kabwe. Alitumika mpaka mangaribi, na miye nilikaa karibu, juu siku ilikuwa inaisha na Feza alikuwa anapita ku dirisha kila saa kutazama kama tungali.

Ya kwanza alifanya ilikuwa kutuma kazi ndefu nyuma, kwa mutumikaji mwengine ndani ya masini, na uso ya programu ikabakia ku mulango. Muzuri. Lakini ku kioo aliweka duara tu, inazunguka, inazunguka.

"Hii inasema nini?" nikamuuliza.

"Inasema tuko tunatumika."

"Na kama ule wa nyuma anakufa, duara itasimama?"

Alifikiri. "Hapana. Itaendelea kuzunguka."

"Basi inasema uwongo. Toa."

Akaweka mustari yenye kujaa polepole. Tulijaribu na jamaa kidogo. Ilikimbia sana mwanzo, ikafika karibu na mwisho, ikakwama pale, juu ba Kyungu na ba Kabange balikuwa bangali. Kama batu balikuwa inje kungojea, bangekuwa bameisha kukunja birago bakizani ni mwisho. Nikasema: hii nayo ni kudanganya batu. Useme tu jamaa ngapi imemalizika, na ngapi inabakia, na jina ya mwisho. Batu banajua kuhesabu.

Akafanya. Lakini alifanya masini iandike kila jina saa ileile, na kioo ikaanza tena kuwa nzito, suri inakokota.

"Eeh!" nikasema. "Kabwe amerudi."

"Kabwe nani?" Placide akauliza.

Esther aliisha kuelewa. "Kisha ishirini na tano, mara moja," akasema, na akatengeneza. Kioo ikapona. Na alifunga njia ya ule wa nyuma, asiguse kioo yeye mwenyewe. Akiwa na neno, analeta ku uso, na uso njo inaandika.

Kisha mambo ingine ndogo, na hii ndogo mushike sana. *Linganisha*, ukiifinya mara moja, inageuka rangi ya majivu na haifinyike tena mpaka kazi iishe. Kwa hiyo hakuna kufinya ya zamani yenye itaanguka mahali pa ingine. Ile swali ya kufuta haikai tena mahali pa buto ile, na *Ndiyo* haiamuke mpaka mutu apewe wakati wa kusoma majina mbili. Na buto mupya: *Simama*. Esther alitaka ikate kazi palepale. Nilimukatalia. Ukimuambia Kabwe asimame, hatupe gunia katikati ya njia. Anamaliza lile liko ku bega, analiweka chini, anaandika amefika wapi, njo anasimama.

Ya kesho ilikuwa siku ya mwisho. Tulifungua dirisha, tukageuza kioo upande wa inje, na batu bakaja, na Feza mbele yao. Placide alifinya *Linganisha*. Mara moja. Niliona kidole yake inataka kurudi, lakini buto ilikuwa imeisha kuwa majivu, na kioo ilikuwa inasema: *jamaa ishirini na tano, inabakia…* Akaweka mukono chini ya paja yake, akaukalia.

Tulifika karibu na nusu, wingu ikafunika jua. Umeme yetu inatoka ku plake za jua, na batri ilianza kulia. Mbele ya ile juma, masini ingekufa katikati na liste nusu, na tungeanza tena sifuri, bila siku ya kuanzia. Placide alinitazama.

"Simama," nikasema.

"Kambo, ikivunja?"

"Finya, mwana."

Alifinya. Kioo ikajibu saa ileile: *Nimesikia. Namaliza jamaa ya Kasongo, kisha nasimama.* Ikamaliza, ikasimama, ikaandika mahali imefika. Batri ikakatika. Na batu ba inje, niwaambie, hakuna hata mumoja mwenye alisukuma. Balijua tuko wapi. Bamoja balienda kuchota maji bakarudi. Jua ikatoka kisha adhuhuri, batri ikanywa kidogo, Placide akawasha, na masini ikaanzia ku jamaa yenye kufuata Kasongo.

Kisha ile maswali ya kufuta ikaanza kutokea, moja moja, mpaka ikafika hii. *Feza, block tatu, mapasa Kyungu na Kabange. Feza, block saba, mapasa Kyungu na Kabange. Ni jamaa moja?*  Placide alisoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno.

"Siyo miye ule!" Feza akapiga kelele. "Mapasa ya ule banaiba maembe bakimbia! Ya kwangu bangali banajikojolea mu mugongo, ukuje unuse!"

Batu bakacheka sana, na Feza wa block tatu akacheka kuwapita bote. Placide akafinya *Hapana, jamaa mbili.* Masini ikaendelea.

Munajua ilichukua wakati gani? Ileile. Kazi haikupunguka hata dakika moja, Esther alisema yeye mwenyewe. Kilichobadilika ni kwamba mutu aliweza kuuliza na kujibiwa, aliweza kusimamisha bila kuharibu, na swali ya hatari ilisomwa na mutu mwenye macho. Kwa hiyo, ukimaliza programu yako, usiijaribu na majina matatu. Leta liste yetu yote, na ba Kyungu yake yote, halafu wakati inatumika, finyafinya sawa Placide, sogeza, simamisha, uliza. Isipokujibu, programu haijaisha. Rudi ukae.

Placide alifika ku boma na liste ule mangaribi, na kesho yake asubui kamiyo ikaja na magunia. Niliita: "Feza, Mama Mapasa, block saba." Alikuja, akaweka gunia ku kichwa, mumoja mbele, mumoja nyuma, hakupita hata ku nyumba.

Kisha saa moja tu nilipita njia ya mashamba. Alikuwa pale, ameinama, anapanda, wingu nyeusi inakuja toka upande wa ziwa. Nilimuita toka njia nione kama anahitaji mukono. Hakuinuka na hakugeuka. Alinyanyua mukono moja juu, wazi, nione amesikia, na ule mwengine ukaendelea kutia mbegu mu shimo.